Ugali Mweupe wa Mama Merabu

Kuku wa Mama Merabu walikuwa na afya kuliko mkwe wake, na Nyemo, mtembezi wa afya aliyezungukia nyumba za wajawazito, aliliona hilo kabla hata hajashuka kwenye baiskeli. Jogoo alikuwa na kilemba chekundu kinachong'aa, kimesimama wima kama kimepigwa pasi. Matetea yamenona mpaka yanatembea kwa kuyumba. Na hapo hapo, kwenye mkeka uliotandikwa kivulini, Sechelela alikuwa ameegemea ukuta wa tembe, mikono juu ya tumbo, midomo imempauka kama mtu aliyetoka kulamba unga.

"Mbukwa, dada Nyemo," alisema bila kuinuka. "Leo nakusalimia nikiwa nimekaa, nisamehe. Nikisimama nyumba inazunguka."

"Mbukwa, Seche. Kaa hivyo hivyo."

"Na usiniangalie namna hiyo. Najua nimepauka. Lameki akirudi kutoka kazini kwenye mabomba ya maji atauliza mke wake yuko wapi, na huyu mwingine ni nani."

Nyemo akacheka, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja, akapiga magoti na kuushika mkono wa kushoto wa Sechelela. Chini ya ngozi, karibu na mshipa, ilikuwapo shanga ndogo isiyozidi punje ya uwele. Kila mjamzito wa wilaya aliwekewa shanga yake mara tu mimba ilipojulikana. Ilionja damu yake mchana na usiku, na kila ilichoonja ililiambia Ghala. Damu yenye chuma cha kutosha iliifanya shanga itoe mwanga wa kijani. Ya Sechelela ilikuwa ya njano tangu mavuno. Leo ilikuwa nyekundu.

Nyemo aliufunika ule mwanga kwa kidole gumba chake, kama vile kuufunika kungesaidia.

"Imegeuka, eeh?" Sechelela akauliza kwa sauti ndogo.

"Imegeuka."

Kidani kilichoning'inia shingoni mwa Nyemo kikatetemeka, na Ghala likazungumza. Hapo zamani lilikuwa ghala kweli, jengo la kuhifadhia nafaka baada ya ile miaka ya ukame. Kisha likafundishwa kuhesabu, likafundishwa kukumbuka, na mwisho likafundishwa kusema. Sasa ndilo lililoamua mbegu gani ipandwe bonde gani, na ndilo lililompelekea kila mjamzito gunia lake la uwele-chuma. Sauti yake ilikuwa ya mwanamume mtaratibu, kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Kiwango cha chuma kimeshuka chini ya mstari," lilisema. "Kipanga kitatua hapa kesho asubuhi kumchukua Sechelela. Atakaa Kituoni mpaka ajifungue. Mtembezi, tafadhali taja sababu kabla jua halijazama."

Sechelela alifumba macho. Kipanga kilikuwa chombo cha kuruka, chenye kitanda ndani na vioo vyeusi, na Kituo kilikuwa mbali, upande wa pili wa mashamba ya zabibu. Wanawake waliokwenda huko walirudi na damu nzuri. Walirudi pia wakisimulia vyumba visivyo na sauti, na chakula kinachotoka ukutani bila mtu wa kukuambia "karibu".

"Mama asisikie kwanza," alisema. "Tafadhali. Ameamka alfajiri kwa ajili yangu."

Lakini Mama Merabu alikuwa tayari mlangoni na bakuli lililofunikwa, khanga ameifunga kifuani, uso umemjaa furaha ya kuona mgeni.

"Nyemo mwanangu! Nimesikia baiskeli nikasema, huyo ni wangu huyo. Umekonda. Hiyo serikali haiwalishi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo kijana wako wa shingoni anasemaje leo? Mbona hasalimii?"

"Shikamoo, Mama Merabu," likasema Ghala.

"Marahaba. Umechelewa." Akageuka kwa Nyemo. "Kanawe mikono uje ule. Maji yako kule nyuma, kwenye ndoo."

Alifunua bakuli ili mgeni aone. Ugali wa uwele, laini, mweupe kama maziwa, umezungushwa mwiko mpaka ukawa mviringo usio na ufa. Nyemo alikuwa ameula ugali huo kila alipofika nyumba hii. Mara ya kwanza alisema hajawahi kuonja ugali wa uwele mweupe namna hiyo, na Mama Merabu alifurahi mpaka akamfungashia mayai.

Uwele-chuma, katika nyumba nyingine zote alizozitembelea, ulitoa ugali wa kijivu.

Mguu wa Nyemo ulisita. Wazo lilikuwa limempitia, dogo na baridi, na alitamani sana lisiwe la kweli.

*

Kule nyuma alikuta kinu.

Hakikuwa pambo. Mdomo wake ulikuwa na vumbi jipya, na mchi uliokiegemea ulikuwa umelainika pale mikono inapokamata. Pembeni, kwenye turubai, uwele uliokwisha kukobolewa na kuloweshwa ulianikwa juani, punje zake zikimeta kama lulu. Na chini ya mti wa mkunazi kulikuwa na lundo la pumba nyeusi, ambalo kuku walilichakura kwa mbwembwe.

Nyemo alichota pumba kidogo, akaitandaza kiganjani. Aligusisha kidani juu yake.

"Chuma kingi," likasema Ghala. "Karibu chote kilichokuwa kwenye gunia."

Alikaa chini, pale pale vumbini.

Chuoni walifundishwa jinsi uwele-chuma ulivyopatikana. Wataalamu walijaribu miaka mingi kukiingiza chuma kwenye moyo wa punje, na kila mara mbegu ilikataa kuota. Mwishowe waliiacha nafaka iamue yenyewe, nayo ikakiweka chuma kwenye ganda na kwenye kiini kidogo kinachong'oka pamoja na ganda. Mwalimu alisema hakuna tatizo, kwa sababu mashine za Ghala zinasaga punje nzima, na hakuna anayekoboa nafaka siku hizi. Darasa zima liliandika hivyo. Nyemo naye aliandika.

Walichosahau ni kwamba akina mama wa umri wa Mama Merabu waliomba wapewe nafaka, si unga, kwa kuwa unga wa mashine hauna harufu. Ghala lilikubali. Lilipima gunia lilipoingia nyumbani na likahesabu kwamba limeliwa. Halikujua kwamba mtu anayependwa, katika nyumba hizi, hapewi ugali wa kijivu. Ugali wa kijivu ni wa kila siku, wa kujaza tumbo. Mgeni wa heshima, bibi harusi, mzazi, hao hukobolewa. Unaamka kabla ya jua, unatwanga, unapepeta, unaosha, unaanika, unatwanga tena, mpaka mikono inawaka moto, na mtu akiuona weupe ule kwenye sahani anajua bila kuambiwa kwamba kuna mtu alimfikiria.

Na mimi nikausifia, Nyemo aliwaza. Kila nilipokuja. Nimesoma lishe, nimekaa mbele ya ugali mweupe wa uwele-chuma, na nilichofikiria ni jinsi ulivyo mtamu.

"Mtembezi," likasema Ghala, "sababu sasa inajulikana. Niiandike?"

"Subiri."

"Sababu ni ya nyumbani na inarekebishika. Sechelela atabaki nyumbani. Kipanga hakitakuja. Tangazo litatolewa jioni, jina la mlishaji na kosa lake, kisha mjamzito ataulizwa kama anaendelea naye au anabadilishiwa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni. Kila mjamzito alikuwa na mlishaji, mtu mmoja aliyeapa mbele ya Ghala kwamba chakula chote cha mama huyo kitapita mikononi mwake. Mlishaji akikosea, wilaya nzima ilisikia kupitia vipaza sauti vya kila nyumba. Watu waliipitisha kanuni hiyo wenyewe, baada ya ile miaka ambayo makosa yalifichwa na akina mama wakazikwa. Na ilifanya kazi. Mzee Chilongani alitangazwa kwa kumnywesha mkewe chai ya rangi kila baada ya kula, chai inayozuia chuma kisiingie mwilini. Tangu jioni ile hakuna nyumba iliyoteremsha chakula cha mjamzito kwa chai. Lakini mpaka leo Mzee Chilongani anaitwa Baba Majani, na akipita sokoni watoto wanasonya kama birika linalochemka.

"Ukitangaza bila jina?" Nyemo aliuliza.

"Tulijaribu. Watu hawasikii kosa lisilo na mtu. Kila mmoja anafikiri ni la jirani."

"Na nikisema haijulikani?"

"Ukisema haijulikani, hakuna Tangazo. Sechelela atapelekwa Kituoni. Atakuwa salama. Mimi siwezi kukupinga. Macho ni yako, nami huandika neno lako."

Hivyo neno moja tu lingetosha. Sechelela angekwenda kulala kwenye chumba kisicho na sauti, lakini angepona. Mama Merabu angebaki na kinu chake na imani yake kwamba alimlisha mkwe wake vizuri kuliko mtu yeyote. Hakuna ambaye angemcheka. Na kwenye nyumba nyingine, mbele kidogo, bibi mwingine angeamka kabla ya jua kumkobolea mjukuu wake.

Nyemo alikuwa mtu wa kuogopa hata kumwambia dereva ashushe sauti ya redio. Alijifuta macho kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa na pumba.

"Umepotelea kwenye ndoo?"

Mama Merabu alikuwa amesimama nyuma yake na kopo la maji.

*

"Unalia nini? Nani amekufanya nini?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi gani lenye kamasi?" Alichuchumaa taratibu, magoti yakilia, akammiminia maji mikononi mwenyewe. "Haya, sema. Ni huyo kijana wa shingoni amekugombeza?"

"Hapana." Nyemo alitazama maji yakipotelea ardhini. "Mama, ni wewe unayekoboa?"

"Nani mwingine? Huyo Sechelela hata mchi hauinui sasa." Uso wake uling'aa. Aliuchukua mchi, akaonyesha, pole pole, bila kitu kinuni. "Siri ni kunyunyiza maji kidogo. Kidogo tu! Ganda linalegea. Wasichana wa sasa wanatwanga kama wanaua nyoka, punje inavunjika. Mimi punje yangu inatoka nzima, imevua nguo tu. Mama yangu alinikobolea hivi kwa mimba ya Merabu na ya Lameki. Na mimi nikamkobolea Merabu alipobeba mimba yake."

Nyemo alijua kwamba Merabu alikuwa binti yake wa kwanza. Alijua kwamba alifariki siku alipojifungua, yeye na mtoto, na kwamba kila aliyemwita mama huyu Mama Merabu alikuwa anamtaja marehemu.

"Merabu naye alikula uwele huu?" alisema.

"Huu huu. Ndio mwaka ulioanza kugawiwa. Mlikuwa bado hamna hizo shanga." Mchi uliendelea kupanda na kushuka juu ya kinu kitupu. "Alikuwa anachoka, anachoka, basi nikazidi kukoboa. Nikasema labda haujawa laini vya kutosha. Alipofariki alikuja msichana kama wewe, mtembezi. Mzuri, mpole. Alikaa hapo ulipokaa. Nikamuuliza kwa nini. Akakitazama kinu, akanitazama mimi, akasema, mama, haijulikani. Akalia sana, akaondoka."

Upepo ulipita ukainua pumba kidogo. Kuku wakakimbia kuifuata.

Nyemo alimwona yule msichana mwingine akilini, waziwazi. Alijua kwa nini alisema alichosema. Alikuwa ameliona lundo hili hili, na alikuwa mpole. Huruma yake ndiyo iliyoacha kinu hiki kikiwa kinatwanga mpaka leo.

Akamshika Mama Merabu mkono, ule wenye mchi.

"Mama. Chuma kiko kwenye ganda."

"Ganda gani?"

"Hili." Alichota pumba upya kutoka kwenye lundo, akamfungulia kiganja. "Ukikoboa, dawa yote inabaki hapa. Ugali mweupe unashibisha tu. Damu ya Seche imeshuka kwa sababu hiyo. Si uvivu wala si ubaya. Hata mimi niliula nikausifia, na mimi ndiye niliyesomea. Lakini sababu ndiyo hiyo."

Mchi ulisimama hewani. Mama Merabu aliitazama ile pumba, kisha kuku, kisha pumba tena. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama mtu anayehesabu kitu kirefu sana.

"Yaani nimewalisha kuku," alisema mwishowe.

"Mama..."

"Nimewalisha kuku." Akauweka mchi chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ni kitoto. Alipogeuka, macho yake yalikuwa makavu na makubwa. "Na Merabu?"

Hilo ndilo swali ambalo Nyemo alikuwa anakimbia tangu alipochota pumba. Kidani kilitetemeka kidogo. Alikifunika kwa kiganja, lisiseme. Jibu hili halikustahili kutoka kwenye mashine.

"Sijui kwa uhakika," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini haikukatika. "Hakukuwa na shanga, hakuna aliyempima. Ila nadhani ndiyo, mama. Nadhani ndiyo."

Mama Merabu hakupiga kelele. Alikaa chini upande upande, mguu mmoja ukiwa umekunjwa chini yake, akajifunika khanga mpaka kichwani. Nyemo alikaa naye bila kumshika, kisha akamshika. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha mkunazi kikawafikia miguuni. Ndani ya khanga sauti iliyotoka ilikuwa jina moja tu, likirudiwa pole pole, kama anayembembeleza mtoto alale.

Halafu khanga ikashuka.

"Huyo Kipanga anakuja?"

"Nikitaja sababu, haji. Lakini watakutangaza leo jioni. Jina lako, nyumba kwa nyumba."

"Kama Baba Majani."

"Kama Baba Majani."

Mama Merabu alijipangusa pua kwa pindo la khanga. Alifikiri.

"Washa huyo kijana wako."

Nyemo aliondoa kiganja kwenye kidani.

"Wewe," Mama Merabu aliliambia Ghala. "Tangaza. Waambie nimemkobolea mkwe wangu mpaka damu ikamwisha. Waambie na habari ya Merabu."

"Nitatangaza," likasema Ghala.

"Na uwaambie nilikoboa vizuri. Punje nzima nzima, mpaka ikang'aa. Wasije wakadhani nilikuwa mvivu."

"Nitalisema hilo pia," likasema Ghala.

*

Hakutaka kusaidiwa kupika. Alichukua uwele usiokobolewa kutoka kwenye gunia, akausaga kwa kile kinu cha umeme ambacho Ghala liligawa na ambacho siku zote alikitumia kuwekea sufuria juu yake. Unga ulitoka wa kijivu, wenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Aliunusa kwa mashaka. Alisonga ugali, na Nyemo, aliyekaa kwenye kigoda, aliona jinsi mikono ile inavyojua kazi hata wakati mwenyewe hayupo.

Sechelela alikuwa amesikia. Ukuta wa tembe si mnene kiasi hicho, na mkeka wake ulikuwa upande wa pili. Mama mkwe wake alipotokea na sahani hakumtazama usoni. Aliiweka chini, ugali wa kijivu, mlenda pembeni, na bakuli la maji ya kunawa. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kusimama kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

"Dada Nyemo atakulisha," alisema. "Mimi nitakuwa ndani."

Kidani kikatetemeka.

"Sechelela," likasema Ghala. "Mlishaji wako amekutwa na kosa linalorekebishika. Una haki ya kubadilishiwa. Kuna mlishaji mwingine aliye tayari, jirani yako wa mashariki. Unaendelea na Mama Merabu, au unabadilishiwa?"

Mama Merabu alikuwa ameshafika mlangoni. Hakugeuka, ila mkono wake ulikamata mwimo wa mlango.

Sechelela alijaribu kuinuka, akashindwa, akakaa tena akihema.

"Mama," aliita. "Mikono yangu haina nguvu."

"Nyemo yupo hapo, mwanangu."

"Nyemo simjui kwa kulisha. Atanimwagia mlenda kifuani."

Kisha Mama Merabu akarudi, hatua ndogo ndogo, akapiga magoti kwenye mkeka. Alinawa mikono. Alinawa tena. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya, na pale lilipofika nusu ya safari mkono ukasimama hewani. Alilitazama lile tonge la kijivu kana kwamba ni kitu alichookota njiani.

"Sina haki ya..." alianza.

Sechelela alishika kile kifundo cha mkono kwa vidole vyake baridi, akainama mbele na tumbo lake lote, na akafungua mdomo.

Tonge likaingia. Lilikuwa kubwa mno, kama matonge yote ya Mama Merabu. Sechelela alitafuna, mashavu yamevimba, machozi yanamtoka, na mkono wa mama mkwe wake hakuuachia.

"Sechelela," likasema Ghala kwa adabu, "bado ninasubiri jibu lako."

"Subiri," Nyemo akaliambia. "Mdomo wake umejaa."